Siri ya Kufaulu Kemia

Jumatatu, 10 Machi 2025
Kumi na tisa! Kati ya mia! Jaribio la kwanza la kemia hapa chuo cha afya, Masasi, na tayari naiona stendi ya kwetu Newala. Nikifeli marudio narudishwa nyumbani, na Mama ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe Pancras ni daktari. Madam Brigita anasema anayefaulu mwaka wa kwanza ni mwenye msingi wa hesabu, anayehudhuria darasani na kufanya mazoezi. Hajachunguza. Mimi nimechunguza: Ursula, aliyeongoza, hukaa mbele. Ni kiti!

Jumanne, 11 Machi
Nimewahi kiti cha Ursula. Kajitafutia kingine, hata hakununa. Nikasinzia. Kumbe ukikaa mbele unaonekana vizuri sana! Madam kaniuliza uzito wa oksijeni. Nimejibu, "Nipo, Madam." Dickson, ninayelala naye chumba kimoja, kacheka mpaka kapaliwa. Yeye kapata sabini na moja. Simpendi.

Jumatano, 12 Machi
Si kiti. Ni korosho! Ursula hutafuna kila mapumziko. Nimemaliza bakuli zima la Dickson. Tumbo! Maabara sikuingia. Dickson huyohuyo ndiye aliyenichotea maji kutwa, wala hakuulizia korosho zake. Nimeona aibu. Kidogo.

Ijumaa, 14 Machi
Ursula kaja kunijulia hali. Kauliza, "Pancras, robo ukiigawa kwa mbili unapata nini?"
"Nusu."
Hakucheka. Kachukua muhogo wa kuchemsha, kaukata vipande vinne, kisha kila kipande kakikata katikati. Vinane! Miaka yote ile ya shule, hakuna aliyewahi kunikatia muhogo. Kasema tufanye mazoezi kila jioni. Nitaenda. Kuna muhogo.

Jumatano, 26 Machi
Sitini na tatu!!! Nimelia mbele ya Madam. Nimempigia Mama, kapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Namshukuru Mungu, namshukuru Ursula, namshukuru hata Dickson. Ursula kasema nijishukuru na mwenyewe, maana sikukosa jioni hata moja. Mtoto wa watu ana moyo!

Alhamisi, 27 Machi
Jaribio la biolojia ni Jumatatu. Ursula kaniita tuanze mazoezi leo. Nimemwambia apumzike, amenitendea mengi mno. Siri yenyewe nimeshaipata: siku ya marudio nilivaa soksi nyekundu. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kusahau fadhila, nimempa ya kushoto.