Ombi la Kurudisha Jino Moja la Mkanda wa Gari Letu

Kwa Ndugu Mkuu wa Karakana,
Chuo cha Ufundi.

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee tu, heshima haiozi. Mimi ni mama wa yule binti mfupi wa kozi ya injini, anayefunga kitambaa cha kijani. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zikikosea nisamehe, maneno yenyewe hayajakosea.

Nalalamikia gari letu, ambalo binti amelitengeneza.

1. Kwa miaka saba gari lile lilikuwa haliwaki mpaka lisukumwe. Likiwaka linatetemeka kama mwenye homa, na mlimani linapitwa na baiskeli. Tulilizoea. Baba yake, ambaye ni fundi cherehani, alisema ni plagi. Akabadilisha plagi. Akasema basi ni petroli chafu. Alivyokuwa akieleza vizuri, mtaa mzima ukamwita Injinia.

2. Binti, badala ya kununua plagi kama watu, akaanza kupima. Nasikia ni wewe uliyemfundisha. Akapima kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa, ya silinda zote nne, akakuta zote ziko chini sawasawa. Akasema zikiugua zote kwa pamoja, ugonjwa hauko kwao. Akafungua mfuniko wa mkanda wa taiming, ule wenye meno unaozungusha juu na chini ya injini kwa pamoja, akazungusha injini kwa spana polepole mpaka alama ya chini ikakaa mahali pake. Ya juu, ya kemshafti, ile inayofungua valvu, ikawa imebaki nyuma jino moja. Jino moja, Ndugu Mkuu. Mimi nina mapengo matatu na hakuna aliyenifungua.

3. Akauliza kwa sauti, mbele ya wateja wa baba yake, ni nani aliyeufunga mkanda huu, maana alama hata kipofu angeiona. Aliyeufunga ni baba yake, miaka saba iliyopita. Leo siku ya kumi na moja hawasemeshani. Mzee anakula ameelekea ukutani, binti anakula mlangoni, nami nabeba sahani katikati, kila mmoja akiniuliza kwa siri kama mwenzake amekula.

4. Majirani waliokuwa wakitusukuma asubuhi hawaji tena. Kutoka getini hadi kona nilikuwa napata habari zote. Sasa gari linawaka kabla sijafunga mlango, na sijui hata nani ameposwa.

5. Mtoto sasa anapima kila kitu. Juzi aliitazama suti aliyoshona baba yake, mkono wa kulia na wa kushoto, akanyamaza. Ule unyamavu ndio ulionishikisha kalamu.

Kwa hiyo naomba umwamuru alirudishe lile jino nyuma, kama lilivyokuwa. Pili, uniandikie barua yenye muhuri kwamba magari ya aina hii hukaa hivyo tangu kiwandani. Tatu, umhamishie kwenye kupaka rangi, ambako kosa kila mtu analiona mwenyewe na hakuna haja ya kuuliza ni la nani.

Nisalimie walimu wote, na mlinzi wa getini aliyenielekeza vizuri siku ile nilipopotea, na wa nyumbani kwako hata kama hatujuani.

Ni mimi,
Mama wa binti mfupi, mke wa Injinia.

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha nimewasikia wote wawili kwenye boneti. Mzee kauliza hiyo alama iko wapi. Binti kamwambia, baba, hata mimi niliikosa mwanzoni, ilikuwa imejaa grisi. Si kweli. Nilikuwepo, ilikuwa nyeupe kama chaki. Mzee kasema sahani yake iletwe hukohuko, na ya binti pia. Basi jino liache lilipo, na muhuri usipige. Ila mtoto ameanza kusema uongo, na sijui ni somo la mwalimu gani. Huyo nisalimie mara mbili.