Vishati Arubaini na Paka wa Darajani

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Nimeitwa Mpendae kwa mama mkwe, Bi Mwanakheri. Mke wangu Ilham yuko huko tangu mimba ilipofika miezi saba, maana uzazi wa kwanza ni kwa mama, ndivyo ilivyo, hakuna wa kubishana. Mimi niko peke yangu Mkunazini, juu ya duka langu la kutengeneza mapangaboi, feni za dari, nakula mkate wa jana na kuzungumza na redio.

Bi Mwanakheri kanikalisha barazani na kunipa kazi moja. Moja tu. Nilete nguo za mtoto. Ndogo, nyepesi, za kutosha. Siku ya saba, kwenye akika ya kumchinjia mbuzi, ndugu zake wa Jambiani watakuja kumtazama mtoto, na mtoto atavaa alicholeta baba yake. Halafu akashusha sauti, ile sauti ya upole ninayoiogopa. Mwanamme asiyejua kumvisha mtoto, kasema, hakabidhiwi mtoto. Arubaini ya uzazi ikiisha, Ilham na mwanawe watabaki Mpendae mpaka nijifunze.

Mpaka nijifunze! Mimi, niliyewahi kuliwasha pangaboi la msikiti kwa waya wa antena!

Junaid, kaka yake Ilham, alikuwepo, kanyoosha miguu, anakunywa chai ya maziwa. Anafanya kazi hoteli moja ya Kendwa na hatupi nafasi ya kusahau. Kasema nisijisumbue, yeye keshanunua suti kwenye duka la hotelini. Ina tai. Tai, kwa mtu ambaye bado hajazaliwa.

Nimerudi nimelowa, nina hasira na nina mpango.

Jumapili, 6 Aprili

Darajani. Nguo za Idi zilizobaki zimerundikwa mezani na wauzaji wamechoka kuitana. Wakati mzuri kwa mtu mwenye akili.

Nimelifikiria suala hili kwa kina. Watu wananunua nguo za mtoto mchanga, mwezi ukiisha hazimwingii, wananunua nyingine. Miaka yote hiyo hakuna aliyeshtuka. Mimi nimenunua saizi ya miaka miwili. Mtoto ataingia akiwa mdogo, atazijaza mwenyewe taratibu.

Ngapi? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mimi nabadilisha shati mara moja kwa siku, na nashinda kwenye grisi. Mtoto anashinda amelala. Atajichafua na nini? Mbili zinatosha. Moja mwilini, moja kambani.

Muuzaji kaniuliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia bado. Kanitazama sana, bila shaka kwa heshima.

Jumatano, 9 Aprili

Kazaliwa. Alhamdulillah. Msichana. Ilham mzima, anacheka, anataka embe. Mkunga kasema kilo mbili na robo. Nililia, nikamwambia Junaid ni jasho.

Wamerudi Mpendae kutoka hospitali jioni hii na nikakabidhi nguo, mashati mawili na kofia. Bi Mwanakheri akalinyanyua shati la kwanza kwenye mwanga, akalitazama, akalishusha. Akamlaza mtoto ndani ya mkono wa shati. Mkono mmoja tu. Nafasi ikabaki. Kofia ilimshuka mpaka kidevuni, ikawa tumeleta kofia bila mtoto.

Halafu yakaja mambo ambayo hakuna aliyenionya. Kabla sijamaliza kikombe cha kahawa, mtoto alikuwa kachafua shati la kwanza kwa chini na la pili kwa juu. Nikaomba la kwanza. Lilikuwa kambani ukumbini, linachuruzika, na nje mvua inapiga bati. Nikauliza kama huyu mtoto hana tatizo. Wanawake wote waliokuwemo chumbani walinigeukia kwa pamoja.

Ilham akanambia, "Ubwa, huyu mtu mdogo. Mdogo kuliko unavyomfikiria." Aliniambia kwa mapenzi na iliniuma zaidi kwa sababu hiyo.

Nikatoa futi ya kupimia niliyokuja nayo mfukoni. Bi Mwanakheri akaniziba njia. Mtoto hapimwi, kasema. Anayepimwa ni maiti. Nikaomba basi nimpakate, nimkadirie kwa mikono. Akasema nitampakata atakapokuwa amevaa, na mpaka sasa kwa upande wangu hajavaa.

Junaid alifungua boksi lake. Suti ya kiume, na kizibao chake. Kasema siku hizi hata wasichana wanavaa tai.

Sijamgusa mwanangu. Nimemwona pua tu. Ni pua yangu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda kwa Abrahman, fundi cherehani wa mtaani kwetu, mtu makini, hata kamba ya kiatu anaipima mara mbili. Nikamwambia anishonee vishati vya mtoto mchanga. Kataka kipimo. Nikamwambia mtoto hapimwi. Kasema basi nguo haikatwi.

Nimezunguka sokoni Darajani nikiwaza. Hapo ndipo akili iliponijia, mbele ya meza za samaki. Kilo mbili na robo! Uzito ninao! Ninachohitaji ni kitu kingine cha uzito huohuo, chenye kifua, chenye mikono, chenye kichwa. Jodari hana mikono. Papai halina mabega. Lakini chini ya meza, wamekaa wanasubiri matumbo ya samaki, paka.

Muuza samaki hakutaka kuniazima mizani mpaka nilipomtengenezea feni yake. Paka wa kwanza mwepesi. Wa pili mnene, tena mzee, hana sura ya mtoto. Wa tatu, kijivu, sikio limechanika, kilo mbili na robo na kidogo. Alikuwa na dagaa mdomoni. Nikamtoa dagaa. Sawasawa kabisa.

Nimempeleka kwa Abrahman ndani ya kikapu cha ukili. Abrahman kasema tangu arithi cherehani ya baba yake hajawahi kuletewa mteja wa namna hii, lakini kipimo ni kipimo. Kampima kifua, mgongo, mikono. Tumeparurwa sote wawili, yeye shavuni, mimi pote.

Kuhusu idadi: mbili ni chache, nakubali, naweza kukubali kosa. Mtoto anakaa ndani siku arubaini. Basi vishati arubaini. Kila siku kimoja, hakifuliwi, mvua inyeshe itakavyo. Hayo ya jana ya kuchafua mara mbili ni kwa sababu alikuwa mgeni na ana wasiwasi.

Abrahman kaniuliza kama nafungua chuo cha paka. Nimemwambia ashone tu.

Jumamosi, 12 Aprili

Abrahman na wanawe wameshona siku mbili. Vishati arubaini, vyeupe, pamba. Kazi safi. Nimevipeleka Mpendae kifua mbele.

Kifua kimeenea. Mikono imeenea. Nilipotaka kushangilia, kichwa kikagoma. Tundu la shingo limeishia utosini na mtoto akaanza kulia kwa sauti ya mtu mzima. Paka ana kichwa kidogo. Mwanangu ana kichwa cha kwetu.

Kisha Bi Mwanakheri akakigeuza kishati na kuingiza kidole kwenye tundu jingine, dogo, la mviringo, limepindwa vizuri, chini mgongoni. Kauliza hili la nini. Nikatazama. Abrahman, mtu makini, alikuwa ameacha nafasi ya mkia.

Nikasema la hewa. Nikaeleza kwamba mimi ni mtu wa mapangaboi, mambo ya hewa nayajua. Ilham alijifunika kanga usoni na kitanda kikatikisika.

Bi Mwanakheri hakucheka. Kavuta pumzi ndefu, na nitamshukuru kwa hilo, kanionyesha kwa mikono. Kishati cha mtoto mchanga kinapasuliwa mbele, kinafungwa kwa vikamba, kichwa hakipitishwi popote. Kitambaa kipya kina dawa ya kiwandani, kinamkwaruza, kifuliwe na kifuliwe mpaka kilainike. Na kabla ya Jumanne viwe vikavu, kwa sababu mtoto havishwi nguo mbichi. Hata sita tu, kasema. Sita vikavu.

Sita ni maneno ya mtu asiye na malengo. Nina arubaini.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepasua vyote kwa mkasi wa kukatia waya, nimevitia vikamba. Nimefua mara tatu. Mikono yangu imelainika kuliko vishati.

Jua hakuna. Kesho ni akika. Nyumba nzima kamba, kila kamba inachuruzika, na mimi nimekaa chini yake kichwa kimelowa. Nikatazama juu. Juu kulikuwa na pangaboi langu, lile la chuma, la zamani, lenye nguvu, ambalo wateja huliogopa.

Niseme wazi kwamba wazo lilikuwa sahihi. Nimevifunga vishati kwenye mapanga yake manne kwa vikamba vyake, kumi kila panga, nikafungua dirisha unyevu utoke, nikawasha namba tano. Kwa muda mfupi ilipendeza sana. Maji yaliruka ukutani, vishati vikanyooka, vikazunguka vyeupe, na nilisikitika kwamba Junaid hakuwepo aone.

Kisha vikamba vikaanza kufunguka. Kimoja kikatoka dirishani. Vikafuata vingine, makundi kwa makundi.

Chini ya dirisha langu Bi Maryam anauza urojo, ule mchuzi mzito wa manjano na ndimu. Kishati cha kwanza kilitua ndani ya sufuria yake, katikati, na kuzama. Kingine kilimfunika mteja uso. Kimoja kiko juu ya nyaya za umeme na bado kipo. Vingine vyote vimeanguka kwenye maji ya kichochoroni, na kichochoro chetu wakati wa masika si mahali pa kuangusha kitu cheupe.

Nimeteremka. Bi Maryam alikuwa amekinyanyua cha kwake kwa upawa. Manjano tupu, kina bajia mfukoni, maana Abrahman aliweka mifuko. Nikamwamkia Shikamoo. Hakuitikia Marahaba, kwa mara ya kwanza tangu nihamie mtaa huu. Mteja mmoja alimaliza bakuli lake na kusema leo ukwaju umekolea.

Nimekaa na kishati hicho mkononi nikiona arubaini inapita, kisha mwaka, na mimi bado nakwenda Mpendae kama mgeni kumwona mke wangu. Niliogopa kweli. Halafu nikakitazama tena. Rangi nzuri! Ikiwa kimoja ni cha manjano, ni ajali. Vikiwa vyote, ni mpango. Nimevisafisha tope nilivyoviokota, nikavichemsha kwa manjano na ndimu. Vimetoka sare. Vinanukia ndimu kidogo.

Vimekauka kwa pasi, takriban. Begi limechanika, nimevifunga ndani ya kikoi changu cha kulalia, kile cha zamani.

Jumanne, 15 Aprili

Akika. Mbuzi mzuri, mpole, umbo lake limejaa. Nilimtazama kwa muda kabla hajachinjwa, sijui kwa nini.

Kina mama wa Jambiani walifika mapema, wamejaa ukumbini, na wote wana macho makali. Junaid alitangulia, bila kualikwa, akamvisha mtoto suti. Kizibao kilikuwa kigumu kikasimama chenyewe. Mtoto alikuwa ndani yake mahali fulani, analia, na tai imemfika magotini. Shangazi mmoja wa Jambiani akauliza huyu bwana harusi ni wa nani. Suti ikavuliwa.

Wote wakanigeukia. Nikaweka furushi langu mkekani. Bi Mwanakheri akalifungua. Harufu ya urojo ikatoka ikazunguka ukumbi mzima, na mtu mmoja nyuma akauliza kama chakula tayari. Akashika kishati kimoja. Rangi ikabaki kwenye vidole vyake. Akavitazama vidole, akanitazama mimi. Nilimtafuta Ilham, naye hacheki tena. Niliona naye anaogopa, anataka kurudi nyumbani kama mimi ninavyotaka arudi, na hilo sikulijua mpaka pale.

Bi Mwanakheri akavimwaga vishati vyote chini. Akabaki na kikoi. Akakifikicha baina ya vidole, akakipitisha shavuni mwake, akanusa. Kauliza kina miaka mingapi. Nikasema nilikwenda nacho chuoni kusoma Kurani nikiwa mdogo, kilikuwa cha baba yangu. Akakikunja, akamzungushia mwanangu mara mbili, akachomeka ncha. Mtoto akanyamaza. Akapiga mwayo, akalala.

Kina mama wa Jambiani wakasogea mmoja mmoja, wakakigusa kitambaa. Wakasema hiki ndicho. Wakasema baba anajua. Shangazi yule mkali kasema nguo ya mtoto ni ile iliyokwisha kuvaliwa na mtu aliyependwa, wengine tunahangaika na maduka.

Bi Mwanakheri akanyoosha mikono, akanipa. Kapewa jina la Biasha. Nilimpakata. Mwepesi, ana joto, na kichwa chake kimejaa kiganja changu chote. Mama mkwe kasema arubaini ikiisha nije na gari.

Ilham kanambia usiku mwema huku machozi yanamtoka, na anacheka. Nami nimeondoka nikijua kwamba nimeshinda. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo, ila sikujua ni kwenye jambo lipi.

Na nilipompakata, nilimkadiria kwa viganja. Bila mtu kuona.

Jumatatu, 19 Mei

Wamerudi! Ilham kakaa kwenye kiti chake, nyumba imekuwa nyumba. Biasha yumo ndani ya kikoi, mashavu mawili, shingo hakuna.

Nilikuwa nimewaandalia. Sanduku zima la vishati, vimepasuliwa mbele, vina vikamba, vimefuliwa mpaka vimelainika, vya kipimo kilekile cha siku ya akika. Abrahman alivishona kwa kufuata viganja vyangu. Ilham kajaribu cha kwanza. Mkono wa Biasha umeingia mpaka kwenye kiwiko na ukakwama. Kumbe kwa siku hizi chache kanenepa bila kumwarifu mtu.

Ilham kanitazama kwa huruma, kanieleza taratibu, kama anavyonieleza Bi Mwanakheri. Ninunue chache. Ninunue kwa jinsi alivyo sasa, na kubwa kidogo. Nisubiri akue ndipo ninunue nyingine. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia nimefahamu.

Na nimefahamu kweli. Kosa langu lote lilikuwa kuchelewa. Watoto wanakua haraka kuliko mafundi wanavyoshona. Dawa yake ni kutangulia. Zile mbili za miaka miwili zipo, nimeziweka juu ya kabati. Sasa inabaki sare ya darasa la kwanza: sketi, shati, mtandio. Nitashona kumi na mbili, kwa sababu ya masika.

Nimepita kwa Abrahman jioni. Kataka kipimo. Mtoto hapimwi, hilo tulishakubaliana, na paka hawafiki ukubwa huo. Yule wa akika angefaa sana, lakini tulimla. Wikiendi nakwenda Jambiani. Shangazi ana mbuzi.