Sauti ya Mama Mkwe Ndani ya Flashi

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta ya nyumbani imezimika yenyewe asubuhi, mke wangu akiwa katikati ya kuandika. Kioo cheusi. Akaiwasha, ikakohoa, ikakataa. Akaiwasha tena. Tukakaa kama ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji. Hatimaye ikawaka. Nimeshusha pumzi.

Mwingine angesema ni mashine tu. Lakini humo ndani mna sauti ya mama mkwe, tunayeishi naye. Mke wangu alimrekodi mwaka juzi, jioni baada ya jioni: utoto wake, jinsi alivyomkataa marehemu baba mkwe kisha akamkubali kwa sababu ya viatu vyake visafi, na ule wimbo wake wa kupigia pasi. Baadaye mama akapasuliwa koo. Tangu hapo anaongea kwa kunong'ona tu. Sauti yake nzima imebaki humo, na nakala nyingine hakuna.

Mke wangu akasema lazima tupate mahali pa pili pa kuiweka. Nikamwambia hilo aniachie mimi. Akasema hapo ndipo anapoogopa.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu kamwita mdogo wake. Shemeji ni mhasibu, na hukutazama kama mtu aliyekwisha kukagua vitabu vyako. Hajavua hata koti, kaanza. Eti nunua diski ya nje kwenye duka linaloeleweka, nakili kila kitu. Halafu weka nakala nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni, ili hata nyumba ikiungua, vitu viwepo. Mke wangu akamsikiliza kwa kichwa kilichoinama upande. Mimi hajanisikiliza hivyo tangu tuchumbiane.

Nikasema sauti ya mama haiendi kulala kwa watu nisiowajua. Shemeji akasema, kwa upole, kwamba kuna nywila. Nikasema hata mlango wetu una kufuli na yeye kaingia.

Nikaenda jikoni kukaanga mayai ambayo hakuna aliyeyaomba. Nilikaanga taratibu, maana walikuwa bado wanazungumza sebuleni na sikutaka kuonekana ninasikiliza. Sikusikia kitu.

Nimeamua. Nitatafuta njia yangu, isiyo ya mhasibu.

Jumatano, 5 Machi

Njia imepatikana. Nje ya duka la vigae ninakofanya kazi kuna muuzaji anayetandaza vifaa vya simu juu ya turubai. Ana flashi ndogo kama ukucha. Akasema inameza kompyuta nzima na bado inabaki na njaa. Nikamuuliza mbona bei ni ya chini kuliko ya dukani. Akasema kwa sababu mimi ni bosi wake. Hoja hiyo haikuwa na kasoro.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia akiba haiozi. Akasema inategemea imewekwa na nani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimehamisha kila kitu. Shemeji alisema kunakili. Lakini ukinakili, vitu vinabaki kule na huku, na hiyo kwangu ni kama kuhama nyumba na kuacha makochi. Nikakata, nikabandika. Vyote vikaingia haraka ajabu. Kompyuta ikawa nyepesi, hata mngurumo wake ukapungua. Siku nyingi sijajisikia vizuri hivi.

Flashi nimeifunga kwa uzi, nimeivaa shingoni. Nikamwonyesha mama mkwe. Akanong'ona, "Mwanangu, mimi nimo humo?" Nikamwambia, umo mama, mzima mzima. Akaitazama sana. Akanong'ona kwamba kumbe amepungua hivyo.

Ijumaa, 7 Machi

Leo zamu yangu ilikuwa ya mchana. Asubuhi, mke wangu akiwa kazini, nikachomeka flashi kujifurahisha tu. Folda zipo. Majina yapo: Utoto, Viatu, Pasi. Nikafungua Utoto. Hakuna kitu. Viatu, hakuna kitu. Nikaitoa, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Pasi, kimya. Ile flashi ilikuwa imemeza majina na kutema sauti. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe halina mbuzi.

Nikarudi kwenye kompyuta. Huko nako nilikwisha safisha.

Mama mkwe akaja na kiti chake, akakaa karibu nami. Akanong'ona nimwekee ule wa kupiga pasi, ameamka ukimzunguka kichwani. Nikamwambia umeme umekatika. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu sote wawili. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema basi, ukirudi.

Nilipofika kazini, pale pa turubai palikuwa na vumbi tupu.

Jumamosi, 8 Machi

Maji yalikuwa yamezidi unga, basi nikaongeza maji. Hadithi zake nazijua karibu zote. Nikajifungia bafuni na simu, nikabana koo, nikaanza kusimulia kwa sauti nyembamba jinsi nilivyomwona marehemu akiwa amevaa viatu visafi. Nilifika kwenye wimbo. Mke wangu akagonga, akauliza nani anaumwa humo.

Nikafungua. Nikamwambia yote, kuanzia turubai mpaka uzi wa shingoni.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa ndoo, akafunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika. Nikasimama pale na simu mkononi. Sijawahi kujiona mjinga hivi, na nimekuwa na nafasi nyingi.

Kisha akainua uso. Alikuwa anacheka. Machozi yapo, lakini anacheka. Akasema nirudie ile sehemu ya viatu.

Kumbe Jumanne, nikiwa na mayai yangu, alimwomba mdogo wake anakili kila kitu palepale kwenye diski ya nje aliyokuja nayo, naye akapakia nakala nyingine mtandaoni. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Mume wangu, ungeipata hiyo diski ungeifanyaje?"

Shemeji akaja na diski. Nilimkumbatia mlangoni, na koti lake. Hakujua aweke wapi mikono. Kwa mara ya kwanza nimeona kwamba ana uso mzuri.

Tukamwita mama. Sauti ikatoka: nene, yenye kucheka, ikiimba na mvuke wa pasi ukisikika nyuma yake. Mama akafumba macho. Midomo yake ikaenda sambamba na wimbo, neno kwa neno, bila sauti, kama vile ndiye anayeimba sasa hivi. Ulipoisha akanong'ona tuurudie. Tukaurudia mpaka chai ikapoa. Nilitoka nje kidogo. Kulikuwa na upepo kwenye macho.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba imetulia. Kompyuta sasa inajinakili yenyewe kila jioni. Mke wangu ameniomba nisiiguse, na nimekubali, maana nimechoka.

Mchana akaja jirani yetu mkunga. Kasikia habari kutoka kwa mama, na kwa kuwa mama hunong'ona, inaonekana si yote yaliyosikika. Akauliza ni nani hasa aliyeiokoa ile sauti. Nikamwambia ni jambo la familia, lakini nilihusika tangu mwanzo mpaka mwisho.

Akasema yeye ana picha za watoto wote aliowazalisha, miaka na miaka, kwenye kompyuta inayochelewa kuwaka. Anaogopa. Nikamwambia atulie, amefika kwa mwenyewe. Kompyuta kama hiyo huwa imelemewa tu. Kesho nikitoka kazini napita kwake kuipunguzia mzigo.

Akauliza kama atafute kwanza diski ya kuwekea nakala. Nikamwambia asijisumbue.