Nta Ndani ya Kodiani

Jumatatu, 3 Machi
Nimenunua kodiani! Ya mtumba, kutoka ng'ambo. Kinanda cha kifuani, cha kuvuta na kusukuma. Pichani vitufe vinang'aa kama meno ya bibi harusi. Muuzaji ni mama mjane. Marehemu mumewe aliipiga miaka arobaini. Kabati langu la vioo limekwenda kuilipia. Sisikitiki. Mkono uliolitengeneza bado ninao.

Aliyeandika kwenye simu ni mke wangu. Alikuwa karani, lugha ya kule anaijua. Nikamwambia amweleze yule mama kwamba mnunuzi ni seremala mkuu, mpigaji aliyetikisa kumbi, mtu asiyedanganyika. Akaandika mstari mmoja. Nikauliza, yote yameenea hapo? Akasema lugha ya kule ni fupi. Ajabu ya lugha!

Kitindamimba wetu anaolewa tarehe 29. Alipokuwa mchanga hakulala mpaka nimpigie wimbo wake kwa kodiani yangu ya zamani, kabla panya hawajaimaliza. Nimemwapia: utatoka mlangoni kwangu kwa wimbo uleule.

Baba wa bwana harusi, fundi viatu wa mtaa wa nyuma, amesikia. Kasema, mkwe, wewe baki na misumari yako, mimi nitaleta spika. Spika! Tutaona.

Alhamisi, 20 Machi
Imefika! Imeviringishwa blanketi kama kichanga. Sijapata kuona kazi kama hii. Maungio hayaonekani. Weusi wake ni kama kioo, mtu aweza kujitazama kidevu. Aliyeiunda alikuwa fundi, karibu anifikie mimi. Nimeivuta mara moja tu, jirani akazima redio. Heshima hiyo.

Ndani ya boksi mlikuwa na barua ya mama muuzaji. Mke wangu akaanza kuisoma. Nikamwambia aiweke. Fundi haelekezwi.

Ijumaa, 21 Machi
Nimeifungua. Nilitaka kuliona tumbo lake tu. Loo! Ndimi za chuma, nyembamba, chungu nzima, zimekaa safu safu. Ndizo zinazoimba. Uzuri mtupu!

Ila uchafu. Kila ulimi umezungukwa na nta iliyoganda, ya miaka arobaini. Nikamhurumia marehemu: muziki aliujua, usafi hakuujua. Nimeikwangua yote kwa patasi. Kutwa nzima. Ndimi zikatoka zenyewe, nikazipanga mezani kwa urefu, kama skrubu.

Jumamosi, 22 Machi
Nimezirudisha. Zimeanguka. Nimezirudisha. Zimeanguka. Nikavuta: ikahema kama mzee anayepanda ngazi.

Mke wangu kaisoma ile barua bila ruhusa. Yule mama anasema ndani mna nta, ndiyo inayoshika ndimi, tafadhali asiiguse mtu. Nikamwambia mke wangu angenisomea mapema. Akanitazama. Nikatoka kwenda kuchota maji. Maji yalikuwepo.

Jumapili, 23 Machi
Gundi ya mbao haifai. Nisiulizwe nimejuaje.

Kitindamimba alipita. Akauliza, baba, wimbo uko tayari? Nikasema uko tayari, umepumzika. Akacheka, akanishika mkono kama alivyokuwa akiushika zamani.

Jumatatu, 24 Machi
Msaliti yumo nyumbani mwangu! Mke wangu kaenda kwa fundi viatu. Kisa, mafundi viatu hupaka nyuzi zao nta. Huyo kaja na donge zima la nta mfukoni na shazia lake, ile sindano nene ya kushonea ngozi. Niliazimia kumfukuza. Akatazama meza, akauliza, mkwe, nani kamchinja huyu? Nikasema panya. Akasema panya huyu ana patasi. Akavuta kiti.

Jumatano, 26 Machi
Siku ya tatu leo, na amemaliza. Acha niseme kweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mikono ile! Vidole kama vipini vya nyundo, lakini anashika ulimi mwembamba kama ukope, anaudondoshea nta tone kwa tone, anaunyoosha huku amebana pumzi. Wa mia moja kama wa kwanza. Nimefanya kazi na mafundi maisha yangu yote. Huyu ni fundi.

Nikamuuliza kwa nini hakuleta spika yake akanishinda. Akasema binti huyu sasa ni mwanawe pia, naye hataki mwanawe aingie kwake na ahadi iliyovunjika. Nikasafisha miwani.

Kazi imefaulu kwa sababu mimi nilishika kifuniko kilichoyeyushiwa nta.

Jumamosi, 29 Machi
Nimepiga! Mlango ukafunguliwa, mwanangu akatoka, nami nikaanza. Akausikia wimbo wake, midomo ikamcheza, machozi hayo yanakuja. Mara noti moja ikalia kama mbuzi.

Ndimi mbili zilikaa kila mmoja mahali pa mwenzake. Kila nikifika pale, mbuzi. Watu wakaanza kumsubiri. Bibi harusi akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Akaja akaniegemea begani, akasema, baba, usimtoe huyo mbuzi. Akaenda zake anacheka.

Wageni nimewaambia huo ni mtindo wa ng'ambo. Mkwe angeweza kunivua nguo mbele za watu. Akatikisa kichwa tu, akasema mtindo huo ni mgumu, hauwezwi na kila mtu. Mtu mzima yule.

Jumatatu, 31 Machi
Mama wa ng'ambo katumiwa sauti ya wimbo kwa simu. Kajibu kwamba amelia kwa furaha, na anauliza nani aliyeitengeneza. Nikamwambia mke wangu ajibu: mimi, nikisaidiwa kidogo. Safari hii kaandika mistari kumi. Lugha imerefuka.

Kumbe marehemu ameacha na saksafoni! Nimeagiza. Kitanda cha wageni kimekwenda. Nimeitazama sana pichani. Shaba tupu, shingo kama ya twiga, sijaona kitu kizuri hivyo. Ila chini ya kila kitufe wamebandika kipande cha ngozi kilichochakaa. Uchafu gani huu!

Patasi nimeshainoa.