Mzimu Uliogombea Udiwani

Jumatatu, 2 Machi. Matongo.
Nimebeba viroba vya mawe tangu asubuhi. Mgongo umegoma. Haidhuru! Hadithi imefika ukurasa wa arobaini. Marehemu anafufuka, anachukua fomu ya udiwani, wapinzani wake wananyongwa mmoja mmoja kwenye kampeni. Redio moja ya mjini Tarime husoma hadithi ya msikilizaji kila Jumapili. Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa, pamoja na barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye muhuri. Ikisomwa yangu, nitairekodi na kumtumia mama kule Newala. Amekwishawatangazia majirani kwamba nimepotelea migodini.

Mseti, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu ninalofanyia kazi, kasoma kurasa mbili. Kasema, wewe Korosho (ndivyo wanavyoniita huku, kwa kuwa natoka Newala), chagua: mizimu au madiwani. Vyote pamoja utawatisha watu mara mbili. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Jumatano, 4 Machi
Kwa mwenyekiti. Shikamoo mzee, marahaba, miwani, barua, hadithi kwa kifupi. Muhuri ulikuwa tayari hewani! Akauliza mzimu wangu unaitwa nani. Magige, nikasema kwa fahari. Jina nililitoa kwenye kaburi la saruji, njia ya Kewanja. Makusudi, kuepuka kesi. Marehemu hashtaki.

Muhuri ukarudi kwenye droo.

Kaburi ni la babu yake. Na yeye mwenyewe ni Magige. Miezi minane namwita Mwenyekiti, sikujua ana jina! Kanieleza polepole, kama mtoto: huku kwao jina la babu hupewa mjukuu. Kwa hiyo aliyenyonga watu saba kwenye hadithi ni yeye. Nikaomba radhi, nikamsahihisha kwamba ni watano. Haikusaidia.

Alhamisi, 5 Machi
Mpango mpya: nibadili jina. Mwenyekiti kakataa! Babu akishaingia hatolewi, hayo ni matusi. Abaki, ila asinyonge mtu. Ajenge zahanati, kisha awaombe wananchi wamchague mjukuu wake.

Nimeandika hadi vidole vikafa ganzi. Zahanati nimeijenga. Wagonjwa wote ni maiti. Siwezi kuacha kutisha kabisa. Mwenyekiti kasoma mpaka kwenye uzinduzi, akafurahi, akagonga muhuri mara mbili.

Ijumaa, 6 Machi
Redioni. Mtangazaji Lilian kasoma akiwa amesimama. Kasema hii ni kampeni, na redio haisomi kampeni. Halafu kuna maiti wamepanga foleni ya kupima malaria. Nikauliza kipi kibaya zaidi. Kasema, kaka yangu, usinilazimishe kuchagua.

Huruma ikamshika. Kasema wiki ijayo kuna nafasi, niandike mapenzi. Mapenzi matupu, kaka.

Jumapili, 8 Machi
Mwenyekiti alikwishawaalika ndugu zake wote, hata wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Nilikosa ujasiri wa kusema. Tukaketi kuizunguka redio. Ikasomwa hadithi ya mwanamke na mbuzi wake. Ndugu wakasubiri Magige atokee. Mpaka mbuzi akauzwa, hakutokea. Rhobi, mama lishe wetu, kacheka hadi kashika nguzo. Nimepigwa marufuku kukanyaga ofisi ya kijiji.

Mama kapiga simu. Nimemwambia wiki ijayo, bila shaka.

Nimeshaanza. Mapenzi matupu, kama Lilian alivyotaka. Bwana harusi ni mbunge. Bibi harusi ana miaka kumi kaburini, na leo usiku anakwenda bungeni kumfuata.