Hati ya Ahadi na Farasi Anayependa Watu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimenunua farasi! Dume jekundu, kifua kipana, jicho la kiungwana. Nimemtoa kwa Umbu Ndamung, mchuuzi wa mifugo, bila kufungua mkoba. Yeye alitaka tushikane mikono, tutafune tambuu, basi. Nikamweleza kwa upole, kama nilivyoeleza darasani miaka yote ile, kwamba mkono husahau, karatasi haisahau. Nikaandika hati ya ahadi: "Baada ya mbio nitamlipa yeyote atakayeileta hati hii rupia milioni ishirini, au farasi mmoja." Akauliza kwa nini "yeyote". Nikamwambia ndivyo waandikavyo watu wa benki. Akaikunja, akaichomeka kilembani. Haya Mwalimu, akasema, wewe ndiwe uliyesoma.

Hesabu ni nyepesi. Jumamosi farasi wangu anashinda mbio za mjini Waingapu. Zawadi inalipa hati. Jumatatu wanaleta mahari ya binti yetu, Rambu Lika, nami nawapokea nikiwa bingwa. Baba wa bwana harusi, Umbu Yiwa, alishinda mwaka jana na hajafunga mdomo tangu hapo. Ataufunga!

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi. Anakimbia kama moto wa nyikani. Ila alisimama ghafla mbele ya kanisa, watu wakitoka ibadani, akakataa kuondoka. Mcha Mungu.

Mke wangu, Rambu Kahi, akauliza farasi huyu alikuwa akifanya kazi gani zamani. Nikamweleza kwamba swali la namna hiyo humvunjia muuzaji heshima. Nimeuza nguruwe mmoja katika wale kumi wa harusi, nikanunua lijamu mpya. Rambu Kahi hajasema neno. Ananiunga mkono.

Umbu Yiwa alipita njiani. Eti, mkwe, huyo ni farasi au kiti cha wageni, mbona akiona watu anatulia? Nikatabasamu. Subira.

Jumamosi, 9 Agosti

Tuliongoza! Tuliongoza wazi kabisa, mpaka mbele ya jukwaa la watazamaji. Hapo farasi akasimama. Akageuza ubavu, akangoja. Mama mmoja akapaza sauti: "Jamani, si yule farasi wa mboga wa marehemu bibi Ana! Leo kuna mchicha?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kumbe amezoea kusimama penye watu ili wanunue.

Farasi wa Umbu Yiwa akashinda. Nikamwendea Umbu Ndamung kwa ukali. Akaniambia, "Mwalimu, uliuliza kama anakimbia. Hukuuliza kama anasimama." Hoja safi.

Jumatatu, 11 Agosti

Mahari. Wageni barazani, popoo zimezunguka. Nikahesabu farasi uani: tisa. Tuliafikiana kumi! Nikasimama, nikamweleza mshenga wao kwamba binti wa mwalimu hatoki kwa pungufu, na kwamba akikosekana mmoja hakuna harusi. Nilisema vizuri sana. Lika, nyuma ya mlango, alishika kichwa.

Umbu Yiwa akatoa karatasi kilembani. Mwandiko wa kupendeza. Nikautambua mara moja. Umbu Ndamung alikuwa na deni la farasi kwake, akalilipa kwa hati yangu. "Mkwe," akasema, "umeandika yeyote. Au mimi si yeyote?" Kisha akanyoosha kidole kwa yule mwekundu, aliyekuwa amejipenyeza katikati ya wageni akingoja wanunuzi. "Wa kumi yule pale. Mimi nakudai farasi, wewe wanidai farasi. Tumemaliza."

Lika alikuwa akinitazama. Nikaikubali saini yangu.

Halafu mshenga akakumbusha: kila farasi wa mahari sisi wa upande wa binti humjibu kwa kitambaa na nguruwe. Vitambaa kumi, vipo. Nguruwe tisa. Rambu Kahi akasema kwa sauti ya kusikika hadi kijiji cha pili kwamba wa kumi yuko mdomoni mwa farasi, amegeuka lijamu.

Jumanne, 12 Agosti

Harusi iko salama. Nguruwe nimempata, kwa Umbu Ndamung. Nitamlipa baada ya mbio za Oktoba. Kosa la Jumamosi nimeshalichunguza: watazamaji walikaa mahali pabaya. Safari hii nitawapanga ndugu zangu wote kwenye mstari wa mwisho, na vikapu.

Nilipochukua kalamu, Umbu Ndamung hakutaja tena kushikana mikono. Aliniomba mwenyewe nisisahau kuandika "yeyote".

Amejifunza! Hiyo ndiyo raha ya ualimu.