Nanasi Mgongoni

Jumatatu, 4 Machi

Tumeamkia sebuleni kwa wifi tena. Mimi, Baba Kibonge, na Kibonge mwenyewe, tumepangwa nyuma ya kochi kama viatu. Mume wangu anashona magodoro kiwandani, na sisi tunalalia kipande chembamba ambacho ukikitazama unaona upande wa pili. Wifi akienda jikoni anaturuka. Leo amemruka Kibonge akasema mtoto huyu anakua kwa upana tu. Kumbe anatazama! Mwanangu amejaa vizuri, ashukuriwe Mungu.

Nataka chumba. Kimoja tu, chenye mlango. Kibonge alie anavyotaka bila mtu kupiga kochi teke.

Na njia imepatikana! Kantini ya kiwanda inatafuta mtu wa saladi. Anayeitaka kazi apeleke sosi yake ya kumwagia saladi Jumatatu ijayo, ionjwe. Nikipata kazi, nimepata chumba.

Wifi naye anakwenda. Eti ana cheti cha upishi, amekitundika juu ya televisheni. Sosi yake ni ndimu, mafuta na chumvi. Hiyo hata mbuzi ukimwachia chupa ataitengeneza.

Jumanne, 5 Machi

Muuza matunda wa pale kona kanipa siri. Nanasi lililochacha! Maji yake unayakoroga na mafuta, haradali na asali kidogo, majani yenyewe yataomba kuliwa. Kanipa moja lililoiva mpaka likalegea. Nimelikatakata na maganda yake, nikatia sukari na maji, nikashindilia kwenye kopo la plastiki. Likaenda nyuma ya kochi, pamoja na familia.

Baba Kibonge kauliza mbona pananuka kama kilabu cha pombe. Nikamwambia hiyo ni harufu ya maendeleo. Akageukia ukutani. Mwanamume mzima, hana maono!

Alhamisi, 7 Machi

Halichachi! Limekaa tu, kama shemeji aliyekuja kutembea. Kosa la wifi. Anafungua madirisha yote, analalamikia vijinzi. Vijinzi vyenyewe vidogo, havimalizi hata punje ya sukari.

Linataka joto. Nikatazama huku na huku. Kitu gani humu ndani kina joto? Kibonge! Mtoto huyu akilala ni jiko. Nimelilaza kopo ubavuni mwake. Nilipoamka lilikuwa linatoa mapovu, na mwanangu amelikumbatia, shavu juu ya kifuniko. Machozi yalinilenga. Hajajua hata kusimama, tayari anamtafutia mama yake kazi.

Jumamosi, 9 Machi

Wifi amenusa. Kainama nyuma ya kochi kauliza ni nini kile. Nikasema dawa ya tumbo ya mtoto. Akauliza dawa gani inachemka bila moto. Na cheti chote kile!

Anataka kuniibia. Basi nimelibeba kopo mgongoni, nimelifunga kwa kanga kama mtoto. Joto lipo na ulinzi upo. Kibonge namkumbatia mbele. Nimefagia hivyo, nimefua hivyo. Jirani wa juu kaniona kwenye ngazi, kaguta. Nimejifungua lini tena? Mbona sikusema, aje na zawadi? Nikasema Mungu ni mwema. Zawadi! Mwanamke ambaye hata salamu anaitoa kwa kipimo.

Kifuniko kilianza kuinukainuka. Nimekikaza, nikakizungushia utepe wa gundi mpaka ukaisha.

Jumatatu, 11 Machi

Siku yangu! Mafuta, haradali na asali nimevitia mfukoni, nitachanganya kulekule.

Getini mlinzi kaona Kibonge mbele, kaona kanga nyuma, akatabasamu. Mapacha! Akasema wa nyuma ana kichwa kigumu, atakuwa msomi. Nikapita. Nikisema kweli, wifi atasikia, na siri yangu kwisha.

Wifi alishafika, chupa yake kaifunga utepe. Mama Kantini ni mwanamke wa mabega mapana, anaonja kwa ncha ya ulimi kana kwamba chakula kimemkosea. Kaonja ya wifi, akasema inafaa. Inafaa! Hata maji ya bomba yanafaa.

Zamu yangu ilipofika nikasikia mgongoni ssss. Mama Kantini kauliza mwanangu wa nyuma ana nini, mbona kifua kinambana hivyo? Nikasema anaota meno. Akasema mtoto hapumui vile, mwanangu, mshushe haraka, tusije tukakupa pole. Wifi akadakia kwamba ana mpwa mmoja tu, huyo wa pili ni wa nani? Macho yote kwangu. Nikaanza kufungua kanga, polepole, kwa heshima.

Kifuniko hakikusubiri heshima.

PAAA! Kikagonga feni. Wafanyakazi wakaingia chini ya meza, mmoja anapiga kelele kwamba boila imelipuka. Nanasi darini. Nanasi kwenye kilemba cha Mama Kantini. Ganda moja limekaa begani kwa wifi kama cheo cha polisi. Kibonge mikononi mwangu akacheka, kicheko kikubwa ambacho sijawahi kukisikia kwake, akapiga makofi.

Mama Kantini kasema kitu kinachochacha hakifungwi hivyo, kinaachiwa hewa. Kasema pia nitoke. Lakini jamaa mmoja chini ya meza alilamba mkono wake akasema ni tamu. Nimemsikia kwa masikio yangu.

Jumanne, 12 Machi

Kazi kapewa wifi. Ameirudia habari hiyo mara nyingi kuliko redio.

Kisha akatutoa sebuleni. Kasema kochi linanuka, pazia linanuka, cheti chake kinanuka. Tumehamishiwa stoo, kule nyuma ya jiko. Kasema tukikosea tena mara moja, ni barabarani. Baba Kibonge alibeba godoro, hata hakunitazama.

Stoo ina debe la rangi, ngazi iliyovunjika, na mlango!

Nimeufunga. Nimeufungua. Nimeufunga tena. Kibonge kalia mpaka akachoka mwenyewe, hakuna aliyepiga teke kitu. Nimekaa nikamtazama akilala. Nani kashindwa hapo? Wifi ana kazi, mimi nina chumba, na majani ya kuosha ni yake.

Alhamisi, 14 Machi

Mama Kantini haelewi kitu. Hewa! Sasa nguvu yote si itatoka? Kopo lililipuka kwa sababu lilikuwa jepesi na utepe ulikuwa wa bei ya chini. Safari hii nimechukua dumu kubwa, papai tupu, kifuniko nimekikaza kwa koleo la Baba Kibonge na waya juu yake. Wiki ijayo nampelekea. Akionja, wifi atarudi nyumbani na cheti chake kwapani.

Shida ni joto. Stoo ina baridi ya kaburi. Lakini wifi siku hizi anashinda kantini, na kitanda chake kipana, blanketi zito, vyote vinakaa bure. Nimelilaza dumu katikati, nimelifunika mpaka shingoni. Limetulia kama mgonjwa anayepona.

Mlango wa mbele huo. Karudi mapema. Nasikia anavua viatu, anasema mgongo unamuuma, acha ajitupe kitandani kidogo.

Aangalie tu asije akanivunjia dumu langu.